Tangi la kutenganisha oili na maji kwa waosha magari: tuliza maji kwanza

Utaona sehemu ya kuoshea magari Kisumu yenye tangi la mawe na plasta safi, na bado maji yanayotoka kuelekea Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yana utando wa rangirangi. Mara nyingi kosa ni kwamba maji yanaingia kwa vurugu.

Oili huelea yenyewe, ila mwendo wake hutegemea ukubwa wa tone. Oili yenye uzito wa kama 0.9 ya maji, tone lake la kipenyo cha milimita 0.15 hupanda milimita 1.2 hivi kwa sekunde. Tone la milimita 0.06 hupanda 0.2 tu. Kipenyo kikipungua nusu, mwendo hupungua mara nne. Maji yakienda polepole, matone hugongana, huungana na kunenepa. Yakipigwa kwa nguvu, matone hukatikakatika mpaka maji yanageuka rangi ya maziwa, na hayo hata yakilala usiku kucha huenda yasitengane.

Kwa hiyo usiweke pampu kabla ya tangi. Pangaboi la pampu ya kawaida, yaani mapanga yanayozunguka ndani yake, husaga matone vibaya. Maji yashuke yenyewe kwa mteremko. Kama lazima uyapandishe, pampu ikae baada ya tangi.

Ukubwa sasa. Mashine mbili za presha za lita 8 kwa dakika hutoa karibu lita 1,000 kwa saa zikifanya kazi pamoja. Ili kunasa tone la milimita 0.06, unahitaji uso wa maji wa mita za mraba 1.4. Hiyo ni hesabu ya maji tulivu kabisa, kwa hiyo ongeza nusu yake: mita 3 kwa sentimita 70. Kinachonasa oili ni eneo la juu. Kuchimba chini zaidi kunakupa tu nafasi ya matope. Kina cha maji cha sentimita 70 kinatosha. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, weka nondo kwenye sakafu, kwa maana udongo huo hupasuka kiangazi na kuvimba masika.

Tanguliza shimo dogo la mchanga. Paipu ya kuingiza ya inchi 4 imalizie kwa tii (kiungo cha paipu chenye umbo la T), mguu wake wa chini ukizama sentimita 25 ndani ya maji, yasianguke kutoka juu. Sentimita 40 mbele yake simamisha ukuta wenye matundu ili maji yasambae upana wote. Karibu na mwisho jenga ukuta unaopita juu ya uso wa maji, ukiachia sentimita 20 chini: maji yanapita, oili inabaki. Paipu ya kutoa nayo iwe na tii, mguu wa chini ukiishia sentimita 30 kutoka sakafuni. Mguu wa juu uache wazi. Ukiuziba, paipu inaweza kufyonza tangi na kubeba oili yote.

Mvua ndiyo huharibu kazi nzuri. Milimita 30 ndani ya saa moja kwenye sakafu ya mita za mraba 100 ni lita 3,000, mara tatu ya hesabu yako. Ezeka paa na uinue kingo. Sabuni kali ya kuondoa grisi nayo hushikilia matone yasiungane, basi injini zioshewe pembeni na maji yake yakusanywe kivyake.

Oili ikifika unene wa sentimita 5, ichote kwenye mtungi na umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Matope yasizibe nafasi iliyo chini ya ukuta wa mwisho. Pima kwa fimbo kila wiki.

Kupima tangi, jaza chupa mbili angavu, moja mlangoni na nyingine mahali pa kutokea, uziache saa moja bila kuzigusa. Ya mlangoni ikiwa na tabaka la oili juu na ya kutokea iwe safi, tangi linafanya kazi. Zote zikibaki na ukungu, tafuta sabuni au pampu. Ya kutokea ikitoa tabaka, maji yanapita haraka mno: zima mashine moja, upime tena.