Unataka kupandisha kamera? Kabla ya kuchagua DSLR au mirolesi, hesabu lenzi zako

Ukiuliza wapiga picha wa Dar ununue DSLR kubwa au uhamie mirolesi, karibu wote watakujibu mirolesi kabla hujamaliza swali. Mi mwenyewe naelekea hukohuko ila siyo kwa kila mtu, so kabla hujashuka Kariakoo na hela mfukoni mwaga begi lako lote kitandani uone una lenzi gani. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) utabadilisha tena baada ya miaka michache, lenzi ndo unakaa nazo, kwa hiyo zenyewe ndo zinaamua.

Tofauti yenyewe fupi tu. DSLR ina kioo ndani kinachorusha mwanga juu kwenye kidirisha unachochungulia, ukibonyeza kinaruka, ndo ule mlio. Mirolesi hicho kioo haina, sensa inaona muda wote na wewe unachungulia kiskrini kidogo. Mengine yote yanatokea hapo.

Haya sasa lenzi. Tuseme una Canon 700D, na ile 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8. Hiyo 18-55 ni EF-S, yani ya kamera za sensa ndogo, haiingii kabisa kwenye DSLR za Canon zenye sensa kubwa kama 6D na 5D, yani unanunua 6D ya mtumba kwa furaha halafu unafika kwenye send-off una 50mm peke yake, picha ya kamati nzima utaipigia nje ya ukumbi. Ukienda mirolesi za Canon, EOS R au RP, na adapta yake ya lenzi, zile za EF (za sensa kubwa, kama hiyo 50mm) zinashika fokasi vizuri tu, na hata EF-S inaingia, ila kamera inakata pembeni, ile RP ya megapikseli 26 inabaki na kama 10 hivi. Kwa Instagram hamna atakayejua, kwa picha kubwa ya kutundika sebuleni utajua wewe.

Watu wa Nikon mtego wenu ni mwingine. FTZ, adapta ya kuvalisha lenzi za DSLR kwenye mirolesi ya Nikon, haina mota ya fokasi ndani, so lenzi za AF-D, ambazo zenyewe hazina mota, kama 50mm f/1.8D au ile 80-200 ya zamani zinageuka za kuzungusha kwa mkono, wakati AF-S zenye mota yao ndani hazina shida. Kama una AF-D kadhaa na unapiga picha mnato tu, wala usisumbuke, tafuta DSLR ya D750 safi iliyotumika, hela inayobaki weka kwenye flashi. Atakayekucheka mwache acheke.

Ila ujue unaingia kwenye nyumba ambayo haijengwi tena. Canon na Nikon walianza mirolesi zao za sensa kubwa mwaka 2018, Canon na lenzi za RF, Nikon na za Z, na DSLR zao kubwa za mwisho, 1D X Mark III na D6, ni za 2020. Lenzi mpya zinatoka upande wa pili. Na kama unaanza upya kabisa huna lenzi ya maana, angalia na Sony, maana Sigma na Tamron wametengeneza lenzi nyingi za Sony E (mirolesi za Sony) zenye bei ya kibinadamu, wakati kwa Canon RF hao wawili waliruhusiwa 2024 tu, tena wakaanzia na za sensa ndogo.

Kitu cha pili ni kazi yako inataka nini, na hapa ndo mirolesi inapochukua ushindi kwangu. Mteja wa siku hizi anataka picha na klipu, na klipu anaitaka usiku uleule. Bi harusi anaingia anacheza, moshi umetanda, taa zinabadilika rangi, MC anakatiza mbele yako... mirolesi nzuri inang'ang'ania jicho la bi harusi hata akiwa pembeni ya fremu. 6D ina pointi 11 za fokasi, zote zimejazana katikati, na ya katikati ndo pekee ya kutegemea gizani. Mirolesi ya Sony a7 III inazo 693 na zimefunika karibu fremu nzima. Halafu kwenye kidirisha cha mirolesi unaona mwanga kabla hujabonyeza, shela jeupe likiungua kwa mwanga kuzidi unaliona hapohapo, huna haja ya kupiga kwanza ndo ukague.

Kupiga bila mlio nako kutamu, kanisani au kwenye nikaha hakuna anayegeuka. Ila ukumbini kwenye taa za LED angalia michirizi, umeme wetu ni wa 50Hz so jaribu shata ya sekunde 1/50 au 1/100, ikigoma rudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio, muziki wenyewe uko juu nani atasikia.

Betri ndo DSLR inapocheka. Kwa vipimo vya kiwandani 6D Mark II inafika kama picha 1,200 kwa chaji moja, EOS RP kama 250, a7 III kama 700 hivi. Kazini utapata zaidi ya hapo, lakini kwa harusi inayoanza saluni asubuhi na kuisha usiku wa manane, bei ya betri tatu iweke kwenye bajeti mapema, siyo baadaye. Vumbi pia, ukitoa lenzi sensa iko wazi kabisa (EOS R inafunga shata ukizima, ila siyo zote zinafunga), so Coco Beach na ule upepo wa chumvi usibadilishe lenzi hovyo.

Ukiweza kodi kwanza ya wikendi moja upige nayo kazi ya kweli, utajua mengi kuliko kuangalia video za watu.

Siku ya kununua iliyotumika nenda mchana, na lenzi yako na kadi yako. Weka tundu la lenzi f/16 upige ukuta mweupe uone madoadoa ya sensa. Washa tochi ya simu ndani ya lenzi, ukiona kama nyuzi za buibui hiyo ni fangasi, kwa joto na unyevu wetu itaendelea tu, achana nayo. Idadi ya shata (picha ambazo kamera imeshapiga) kwa Nikon unaisoma kwenye faili la picha, kwa Canon mara nyingi inahitaji programu. Mirolesi irekodi video dakika ishirini mfululizo palepale dukani uone kama haizimi, muuzaji akianza kukuharakisha wewe agiza soda usubiri. Na kama ni Canon R50, flashi yako ya zamani ya Canon haitafanya kazi mpaka uwe na adapta yake ya AD-E1, uliza kama wanayo kabla hujatuma hela.