Unakanyaga mafuta, gari halichanganyi: anzia kwenye throto

Gari langu lilianza kuvuta kama limebeba matofali. Nikabadilisha plagi, bure. Kumbe zulia la miguuni lilijikunja chini ya pedeli! Siku hizi naanza kwa kuinama pale.

Zulia likiwa sawa, zima injini, chomoa bomba la hewa linaloingia kwenye throto (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini), kisha mtu akanyage pedeli hadi mwisho. Kwa throto ya kebo, yaani inayovutwa na waya kutoka kwenye pedeli, kisahani cha ndani kinatakiwa kifunguke chote. Kikiishia nusu, huenda kebo imelegea. Irekebishe kwa nati zake, uache ulegevu kidogo tu.

Chungulia ukingo wa kisahani. Masizi meusi yanayonata? Pulizia dawa ya kusafishia throto kwenye kitambaa, ufute taratibu. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa oni: mota yake inaweza kukubana, na nyingine zina gia za plastiki.

Bado nzito? Washa swichi bila injini, upime kwa mita ya volti waya wa ishara wa sensa ya throto, ile inayoiambia kompyuta ya gari throto imefunguka kiasi gani. Kwa throto nyingi za kebo utapata kama volti 0.5 ikiwa imefungwa, na karibu 4.5 ikiwa wazi kabisa. Fungua polepole. Namba zikirukaruka badala ya kupanda, huenda sensa imekufa.