Barafu kavu kwa moshi wa harusi: mambo ya kuweka sawa kabla hujaibeba

Siku hizi harusi ya Dar bila ule moshi mweupe chini wakati bwana na bibi harusi wanafungua muziki watu wanaona kuna kitu kimepungua, na mafundi wameongezeka, kila mwenye spika na taa anataka na mashine ya moshi, ile unayotumbukiza barafu kavu kwenye maji ya moto. Sina ubaya na hilo, moshi ni mzuri na picha zinatoka. Ila vijana wengi wanafundishana kitu kimoja tu, kwamba barafu kavu inaunguza mkono so vaa glavu, basi. Kuungua ndo tatizo dogo jamani. Kinachoua ni hewa inayotoka kwenye hiyo barafu, haina rangi, pua haiikamati, na karibu kila maandalizi nitakayoyasema hapa yanarudi kwenye swali moja: hii gesi ikitoka inaenda wapi?

Barafu kavu ni hewa ukaa iliyogandishwa, gesi ile ile inayotia povu kwenye soda. Baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri na haigeuki maji, inaruka moja kwa moja kuwa gesi. Na malighafi yake kwetu wala haitoki mbali, kule Kyejo Rungwe gesi hii inavunwa kutoka ardhini, Kenya nako ipo ya Kereita, Lari. Sasa shika namba hii maana ndo ya kupigia hesabu zako zote, kilo 1 ikiisha inakuachia zaidi ya lita 500 za gesi. Kilo 10 ni zaidi ya lita 5,000. Halafu ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi juu ikapotea, inashuka na kutulia sehemu za chini. Watu wa Goma hili hawahitaji kuelezwa, wana mazuku yao pale karibu na Ziwa Kivu, mabonde ambayo hewa ukaa inatoka ardhini na kujaa, mnyama anaingia humo hatoki, na binadamu wamefia humo pia.

Na ule weupe unaouona ukumbini sio hiyo gesi, ni matone madogo tu ya maji yaliyoko hewani. Weupe ukishapotea watu wanadhani imeisha, kumbe gesi bado ipo pale pale sakafuni, sema haionekani.

Kwa hiyo cha kwanza kabla hujapokea hata advansi nenda kaone ukumbi, usikubali kuelezwa kwa simu kwamba ni mkubwa. Pima urefu, upana na kimo. Mfano chumba cha mita 5 kwa 6 chenye kimo cha mita 3, hapo kuna lita 90,000 za hewa. Ukimwaga kilo 10 kwenye mashine zote zikageuka gesi umeingiza lita kama 5,400, yaani asilimia 6 ya chumba kizima, na huko chini ni zaidi kwasababu inakaa chini. Hewa tunayovuta kila siku ina asilimia 0.04 tu ya hii kitu. Kiwango kinachokubalika kwa mfanyakazi wa kutwa nzima ni asilimia 0.5, na ikifika 4 wataalamu wa usalama kazini wanaihesabu ni hatari ya maisha pale pale. Hata kabla ya hapo mtu anaanza kuhema haraka, kichwa kinagonga, kizunguzungu, na ikikaribia 10 anazimika ndani ya dakika chache. Wala usijidanganye kwamba oksijeni bado ipo, hii gesi yenyewe inaharibu mwili hata oksijeni ikiwa inatosha. Sasa chukua kilo 10 zile zile upeleke kwenye ukumbi wa mita 20 kwa 30 wenye kimo cha mita 5, inakuja chini ya asilimia 0.2, hapo unafanya kazi bila presha ili mradi milango iko wazi. Send-off ya sebuleni, kitchen party ya chumba kidogo, hema lililoshushwa kuta pande zote kwa sababu ya mvua, hizo kataa. Mteja akinuna anune.

Ukiwa pale ukumbini uliza pia habari ya AC. Hizi AC za split za ukutani haziingizi hewa mpya, zinazungusha ile ile ya ndani, kwa hiyo ukumbi unaweza kuwa wa baridi kabisa na hewa ni mbovu. Unachotaka ni milango miwili inayotazamana na iwe inafika chini, dirisha la juu peke yake halikusaidii kitu. Feni ya kusimama ielekeze itoe hewa nje kupitia mlango, usiipige kwenye moshi maana utaharibu shoo. Vipimo vya hewa ukaa vinauzwa, ukiwa unafanya hii kazi kila wikiendi nunua, na ukiweke chini usawa wa goti, sio juu ya meza ya DJ. Barakoa haikusaidii chochote hapa, gesi inapita kama haipo.

Halafu watoto. Hapa nitakaa kidogo. Kila mtu anayefanya hizi harusi ameona, muziki ukilia na moshi ukianza kutambaa watoto wote wanaacha soda zao wanakimbilia pale katikati, mmoja anajilaza chali, mwingine anatumbukiza kichwa ndani ya moshi anatoka anacheka, wakubwa wanatoa simu wanarekodi. Mtu mzima aliyesimama pua yake iko juu ya tatizo. Mtoto wa miaka mitatu pua yake iko ndani. Ongea na MC kabla ya shughuli, atangaze watoto wakae na wazazi mpaka ngoma iishe, na weka kijana wako mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Na bibi harusi mwambie mapema sakafu itakuwa na maji maji, moshi ukitulia kwenye tailizi unaacha unyevu na viatu vya kisigino vinateleza vibaya.

Kwenye kununua, agiza ya siku hiyo hiyo. Barafu kavu haisubiri, hata kwenye deli zuri, yaani boksi la kutunzia baridi, inapungua kilo 2 mpaka 5 kwa siku, hakuna cha kununua Jumatano ya harusi ya Jumamosi. Zipo za punje na zipo za tofali, punje ndo zinatoa moshi haraka lakini pia zinaisha haraka, tofali linakaa zaidi ila utalivunja kwa nyundo, na hapo vaa miwani ya kazi kwasababu vipande vinaruka. Kuiweka kwenye friza ya nyumbani hakusaidii, friza inafika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, kwa barafu kavu hiyo ni joto, itaendelea kutoa gesi ndani ya friza na baridi yake inaweza kuvuruga friza yenyewe.

Chombo ni deli la foam au la plastiki nene, mfuniko wake ukae juu tu bila kubanwa. Usizungushie selotepu, usifunge kwa kufuli, na usithubutu kuiweka kwenye chupa ya chai ukakaza kizibo, wala chupa ya soda, wala kidumu. Gesi ikikosa pa kutokea chombo kinapasuka kama bomu na watu wamepoteza vidole kwa mchezo huo. Nafasi iliyobaki ndani ya deli jaza magazeti, hewa ikiwa kidogo barafu inachelewa kuisha.

Usafiri ndo sehemu watu wanachukulia poa mno. Gari dogo kama IST ndani lina kama lita 3,000 za hewa. Deli la kawaida linalopoteza kilo 4 kwa siku linatoa kama lita 90 za gesi kwa saa, yaani ukifunga vioo ndani ya saa moja uko kwenye asilimia 3, na foleni za Dar unazijua, saa moja ni Mwenge mpaka wapi? Dereva anaanza kusinzia anadhani ni uchovu. Julai 2018 kule jimbo la Washington, Marekani, kuna mama alifariki kwenye gari lililokuwa limebeba madeli ya barafu kavu ya kutunzia aiskrimu. Kwa hiyo mimi nasema Kirikuu au pikapu, deli nyuma lifungwe kamba lisitembee, lifunikwe na turubai la kivuli, mtu asikae nalo huko kama bodi imefunikwa. Kama huna ujanja ni gari la kawaida basi vioo vinne vyote chini, AC usiiweke ile ya kuzungusha hewa ya ndani, usipakie mtoto, na ukifika toa deli kwanza kabla ya kitu kingine chochote, usiliache garini usiku halafu asubuhi ufungue mlango na kuingiza kichwa. Bajaji afadhali maana ipo wazi. Daladala na basi la mkoani hapana, na kumpa konda kama kifurushi bila kumwambia kuna nini ndani huo ni uhuni.

Kama shughuli ni Mwanza au Zanzibar na unataka kwenda nayo kwa ndege, sheria za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kilo 2.5 tu, na lazima shirika likubali kwanza, boksi liwe linapumua na liandikwe kwamba ni barafu kavu na uzito wake. Ikienda kama mzigo inapewa namba UN 1845, daraja la 9 la mizigo ya hatari. Kilo 2.5 hazitoshi ngoma moja ya maana, kwa hiyo tafuta muuzaji wa huko huko. Boti nako waulize wahusika kabla, usipitishe kimya kimya halafu ukaliweka kwenye sehemu ya abiria iliyofungwa.

Ukifika ukumbini deli likae barazani au nje kwenye kivuli, sehemu yenye upepo na mtu wa kuangalia. Sio stoo, sio chini ya ngazi, sio chumba cha kubadilishia nguo cha maharusi ambacho hakina hata dirisha. Liweke juu ya mbao, tailizi na kioo vinaweza kupasuka kwa baridi. Kushika tumia glavu nene kavu, za ngozi au za baridi, maana glavu ikilowa inagandia mkononi, na zile nyembamba za hospitali hazina kazi hapa. Shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika, sio ndala. Kwenye mashine maji yawe moto sana ndo moshi unakuwa mzito, ila ile hita inakula umeme mwingi, waya wa kuunganisha uwe mnene, uwe na ethi na usikae kwenye njia ya maji. Barafu ishushe taratibu na kikapu chake, ukimwaga yote kwa mpigo maji ya moto yanakurukia. Februari 2020 kule Moscow walimwaga zaidi ya kilo 20 kwenye bwawa la kuogelea la ndani ili kuwe na moshi kwenye sherehe ya kuzaliwa, watu 3 walikufa.

Kuna wateja wanaomba na vinywaji vinavyotoa moshi. Kipande kisifike kwenye glasi ya mgeni, kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Machi 2024 huko Gurugram, India, wateja wa mgahawa walipewa barafu kavu baada ya chakula wakidhani ni ya kuburudisha mdomo, wakaanza kutapika damu. Ukitaka urembo weka bakuli la kinywaji ndani ya bakuli kubwa zaidi, barafu ikae katikati ya hayo mawili, na mwenye upawa awe mtu wako.

Inayobaki baada ya shughuli usimwage kwenye sinki wala choo, mabomba yanapasuka, na usiwape watoto wachezee. Iache deli likiwa wazi nje mahali ambapo hakuna mtu wa kufika, itaisha yenyewe.

Kabla hujawasha mashine vijana wako wote wajue cha kufanya mtu akianguka. Akilalamika kichwa au kuhema haraka anatoka nje hapo hapo na mashine inazimwa, milango yote wazi. Aliyezimika ndani ya chumba kidogo au ndani ya bodi ya gari usimfuate kichwa kichwa, watu wengi wamekufa kwenye ajali za gesi kwa kwenda kuokoa, fungua kila kitu, piga 114 Zimamoto, na kama anafikika kwa kumvuta ukiwa nje mvute. Aliyeungua na baridi ngozi ikawa nyeupe na ngumu, usisugue, usimpake dawa ya meno wala mafuta, loweka kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila shida, kisha mpeleke hospitali na waambie ni barafu kavu, maana wakisikia kaungua watadhani ni moto.