Miaka Miwili ya Shule ya Bweni ya Kimataifa Kabla ya Chuo Kikuu: Jinsi ya Kujiandaa

Kijana anayemaliza kidato cha nne ana njia moja ambayo familia nyingi huifahamu kwa kuchelewa: kusoma miaka miwili katika shule ya bweni ya kimataifa, akapata Diploma ya IB (International Baccalaureate, cheti cha kimataifa cha kumaliza sekondari), kisha akaomba chuo kikuu nyumbani au ng'ambo. Hapa nitazungumzia hasa shule za UWC (United World Colleges), mtandao wa shule za kimataifa ambazo huchagua wanafunzi kupitia kamati za nchi zao na kutoa ufadhili kwa kuangalia uwezo wa familia. Ya kwanza, Atlantic College, ilifunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's huko Wales, kutokana na fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeamini kwamba vijana wa mataifa yaliyopigana wakiishi pamoja watajifunza kuaminiana. Si lazima kuvuka bahari ili kuzipata. Iliyokuwa Shule ya Kimataifa ya Moshi iliingia katika mtandao huo mwaka 2019 na sasa inaitwa UWC East Africa, ikiwa na kampasi Moshi na Arusha, na Waterford Kamhlaba ya Eswatini imo tangu mwaka 1981.

Maombi hupelekwa kwa kamati ya nchi yako, na hayahitaji wakala. Anayekudai fedha ili "akuunganishe" mwache aende zake. Jambo la kuangalia mapema ni tarehe, kwa sababu dirisha la maombi hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, na huenda likafungwa hata kabla ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Kwa hiyo matayarisho yaanze kidato cha tatu: pasipoti, nakala za ripoti za shule, na mwalimu anayekufahamu vya kutosha kuandika barua ya mapendekezo yenye mifano, wala si sifa za jumla zinazoweza kumfaa mwanafunzi yeyote. Wengi wanaopokelewa huwa na umri wa miaka 16 hadi 18, hivyo aliyechelewa kuanza shule aiulize kamati mapema kabla ya kujaza fomu.

Katika insha na usaili, eleza ulichokifanya kwa mikono yako. Kijana aliyewafundisha wadogo zake hisabati kila jioni, au aliyesimamia duka la mama yake wakati mama anaumwa, ana la kusema kuliko aliyekariri hotuba kuhusu amani ya dunia. Usaili mara nyingi huwa na kazi za kikundi, na wanaochagua hutazama pia namna unavyomsikiliza mwenzako anapokosea.

Ukipata nafasi, mketi na wazazi muisome barua ya ufadhili neno kwa neno. Ada, malazi na chakula hutajwa waziwazi, lakini familia nyingi hukwama kwenye yale yanayozunguka hayo: nauli ni ya safari ngapi kwa mwaka, nani analipia viza, bima ya afya na ada ya mitihani, posho ni kiasi gani, na mwanafunzi ataishi wapi mabweni yakifungwa wakati wa likizo. Kuuliza maswali haya si kukosa shukrani. Ni afadhali kuyauliza ukiwa sebuleni kwenu kuliko mwezi wa Desemba, theluji imeanza kuanguka na mlango wa bweni unafungwa kesho.

Sasa tufike kwenye uamuzi ninaouona kuwa mzito kuliko yote, nao hufanywa katika siku chache za kwanza shuleni, kijana akiwa bado amechoka na safari. Diploma ya IB ina masomo sita, matatu ya kiwango cha juu na matatu ya kiwango cha kawaida, pamoja na insha ndefu ya utafiti yenye maneno yasiyozidi 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za ubunifu, michezo na kujitolea. Alama za juu kabisa ni 45, na kwa kawaida huwezi kupata diploma chini ya 24. Mpangilio wa kawaida unaruhusu sayansi mbili tu, ilhali vyuo vya udaktari Tanzania hudai fizikia, kemia na baiolojia zote tatu. Anayetaka kurudi kusomea udaktari nyumbani ni lazima amweleze mratibu wa IB tangu wiki ya kwanza, ili shule iombe kibali cha mpangilio maalumu, kwani baada ya muhula mmoja mlango huo huwa umefungwa. Akirudi atahitaji pia ulinganifu wa cheti chake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania.

Vilevile, miaka hiyo miwili ni mifupi kuliko inavyosikika. Katika shule zinazoanza Agosti au Septemba, mitihani hufanyika Mei ya mwaka wa pili na matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai, lakini maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa katikati ya Oktoba, miezi kadhaa kabla ya mitihani hiyo, na vyuo vingi vya Marekani hufunga kati ya Novemba na Januari. Walimu hutuma alama za makadirio zinazotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo muhula wa kuzoea mazingira nao unahesabiwa. Waliohitimu UWC na kupokelewa katika vyuo shirika vya Marekani wanaweza kupata msaada kupitia mpango wa Davis, ulioanza mwaka 2000, hivyo orodha ya vyuo hivyo ipitiwe kabla ya kuchagua pa kuomba.

Na Kiswahili chako usikiache uwanja wa ndege. IB inamruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza, hata pasipokuwa na mwalimu wa Kiswahili shuleni, kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Akifaulu somo hilo pamoja na sayansi au historia aliyoisoma kwa Kiingereza, hupewa diploma ya lugha mbili. Ugumu wake ni vitabu, kwa kuwa maktaba nyingi za huko hazina riwaya, tamthilia wala diwani zetu. Mwandikie mratibu kabla ya kusafiri, akutumie masharti ya uteuzi wa kazi za fasihi, kisha vinunue vitabu hivyo Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, na uvipime pamoja na nguo ili uzito wa begi usikulazimishe kuviacha.