Ukienda kwa daktari kuomba dawa ya kupunguza pombe

Wiki moja kabla ya kwenda hospitali, andika kila unachokunywa. "Mbili tatu za jioni" haimsaidii daktari. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi iliyo kwenye chupa, zidisha tena kwa 0.8, kisha gawa kwa 100: hizo ndizo gramu za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Pombe kali mililita 250 ya asilimia 40 ina gramu 80, sawa na bia nne hizo. Gongo na chang'aa hazina kipimo cha kuaminika, kwa hiyo andika idadi ya glasi na useme wazi kuwa ni gongo.

Andika pia saa unayoanza kunywa. Anayeamka akitetemeka na kutokwa jasho, akatulia baada ya kuzimua, mwili wake umeshazoea pombe kiasi cha kuihitaji. Huyo asiache ghafla peke yake nyumbani. Kifafa kinaweza kumpata ndani ya siku mbili tangu glasi ya mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Anahitaji kwanza diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Kama uliwahi kuanguka kifafa ulipoacha, anza kwa kumwambia daktari hilo.

Mbele ya daktari usizunguke. Wengi hulalamikia tumbo au usingizi, nao huondoka na dawa za vidonda vya tumbo. Sema: "Pombe imenishinda, nataka dawa ya kunisaidia kupunguza." Taja dawa zote unazotumia. Tarajia kupimwa ini na figo, maana majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa ipi inakufaa.

Naltreksoni ndiyo ya kuulizia kama bado unakunywa na lengo ni kupunguza. Huzuia ile raha ambayo pombe huiamsha kwenye ubongo, hivyo glasi ya tatu haikuvuti kama zamani. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa siku. Wengi huanza na nusu kidonge baada ya chakula, kwa sababu kichefuchefu cha siku za mwanzo ndicho kinachowafanya waiache. Haichanganywi kabisa na dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini wala mofini. Lazima uwe umekaa bila dawa hizo siku 7 hadi 10. Ukitarajia upasuaji, mjulishe daktari mapema.

Akamprosati humfaa aliyekwisha kuacha na anapigana na hamu. Ni vidonge viwili vya miligramu 333, mara tatu kwa siku. Hupita kwenye figo, kwa hiyo figo zikiwa zimechoka sana haitolewi. Tatizo lake kubwa ni dozi ya mchana kusahaulika. Tegesha kengele ya simu.

Disulfiramu ni ya anayetaka kuacha kabisa. Ukinywa juu yake uso unawaka, moyo unakwenda mbio, unatapika. Usiianze kabla hujakaa muda wa saa 12 nzima bila pombe, na nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya kuacha vidonge. Usiichanganye na metronidazoli (antibiotiki), na epuka dawa za kikohozi zenye kilevi. Kumtilia mtu disulfiramu kwenye chai bila yeye kujua, hata kwa nia ya kumwokoa, kunaweza kumuua, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Tafadhali usifanye hivyo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, lakini maduka mengi ya dawa hayana. Pigia simu maduka kadhaa kabla ya kusafiri. Ukikwama, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili kwenye hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192.

Rudi baada ya wiki nne na daftari lako. Gramu zisiposhuka ilhali umemeza kila siku, uliza kuhusu dawa nyingine au ushauri nasaha pamoja na dawa. Zikishuka, usiache vidonge. Matibabu kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi.