Namna ya Kuingiza Dini za Kale katika Modi ya Mchezo wa Mkakati

Michezo mingi ya mkakati hupa kila mkoa dini moja na kuionyesha kwa rangi moja juu ya ramani. Ukitengeneza modi, yaani mabadiliko unayouongezea mchezo, na kuuhamishia utaratibu huo Meroe (mji wa dola ya Kush, katika Sudan ya leo) au Roma ya kale, utawapa watu wa huko ibada ambayo wao wenyewe wasingeitambua.

Kabla ya kuandika mstari wowote katika faili la dini, jiulize watu hawa walifanya nini, mahali gani, na kwa ajili ya nani. Suala la waliamini nini lifuate baadaye, kwa kuwa dini nyingi za kale hazikumtaka mtu aache miungu mingine. Mwaka 204 KK, wakiwa bado vitani na Hannibal, jemadari wa Carthage, Warumi walimleta mungu wa kike Cybele kutoka Asia Ndogo wakampa makao mjini mwao, wala hakuna aliyeacha kumtolea Jupiter, mungu wao mkuu, sadaka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo gawa dini ya kila mkoa katika tabaka tatu: ibada za nyumbani, ibada za mahali, na ibada ya dola. Tabaka la dola ndilo mtawala anaweza kulibadili kwa amri. Katika karne ya 4 mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, ambaye maandishi yake ya awali yalimwita mwana wa mungu Mahrem, aliingia Ukristo, na sarafu zake zikaacha alama ya mwezi mwandamo na kuchukua msalaba. Sarafu hizo ni ushahidi wa uamuzi wa mfalme, si wa moyo wa mkulima wa milimani, basi tukio hilo libadili tabaka la dola papo hapo na kuliacha la nyumbani libadilike kwa vizazi.

Ibada za mahali zifunge kwenye mahali penyewe. Wafalme wa Kush walithibitishwa katika ufalme na mungu Amun huko kwenye mlima wa Jebel Barkal, karibu na mji wa Napata. Anayeushika mlima huo apate uhalali wa kutawala, na anayeupoteza apungukiwe na uhalali huo. Apedemak, mungu mwenye kichwa cha simba, mpe mahekalu yake ya Naqa na Musawwarat es-Sufra. Neno “wapagani” lisionekane popote, maana ni jina walilobandikwa na wengine.

Sisi wa Mombasa tunazo karibu nasi kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale ndani ya misitu mitakatifu, na baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukizitumia, ziweke katika karne zake, kuanzia ya 16 hivi. Usizirudishe kwenye Rhapta ya karne ya 1, bandari ambayo Wagiriki waliiandikia habari za pembe za ndovu na magamba ya kasa. Uzito wa kaya umo katika msitu wake, makaburi yake na wazee wake, kwa hiyo usiihesabu kama jengo la kununuliwa kwa dhahabu. Mchezaji akiukata msitu ili alime, mapato yaongezeke, lakini baraka ya kaya ipungue na isirudi kwa kulipa fedha.

Fingo, yaani hirizi ya kuilinda kaya, hufukiwa mahali panapojulikana na wazee tu, basi usiliwekee alama kwenye ramani. Inatosha kuandika kwamba lipo. Vigango navyo, nguzo za mbao ambazo Wagiriama huwasimikia wazee waliofariki wa Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, vingi viliibwa na kuuzwa ng’ambo, na familia zimeumia sana kwa jambo hilo. Zungumza na wazee kabla ya kuvichora, na katika modi yako usivifanye kamwe kuwa hazina ya kutekwa vitani.