Kamba wa siagi na kitunguu saumu, chakula cha watu wawili

Ninapompikia mke wangu usiku wetu maalumu, huwa napika kamba. Wanaiva kwa dakika tatu hivi, kwa hiyo muda wangu naumalizia mezani naye, si mbele ya jiko. Kazi nyingine zote hutangulia, kabla hajaketi.

Muulize mwenzako mapema kama anakula kamba. Wapo wenye mzio nao, na mzio huo unaweza kuua. Usifanye siri kwa ajili ya kumshtukiza.

Gramu 400 za kamba wakubwa wenye maganda zinatosha wawili. Wawe na harufu ya bahari tu. Wakitoa harufu kali ya amonia, waache. Waliogandishwa hawana ubaya, ila wayeyushe kwenye friji usiku kucha.

Wamenye, uwaachie mikia. Pasua mgongo kidogo kwa ncha ya kisu, uvute ule uzi mweusi, ambao ndio utumbo wao na mara nyingine una mchanga. Maganda usiyatupe, nakusihi! Yakaange kwa kijiko cha mafuta mpaka yawe mekundu, mimina kikombe kimoja cha maji, chemsha dakika 15, kisha chuja. Supu hiyo ndiyo ladha yote ya mchuzi wako, na wengi huimwaga bila kujua.

Sasa wakaushe kamba kwa karatasi ya jikoni, kila mmoja, pande zote. Wakiwa na maji, maji hayo hugeuka mvuke na kamba watachemka badala ya kukaangika. Nyunyiza chumvi, warudishe kwenye friji. Katakata punje nne za kitunguu saumu, na siagi vijiko vitatu iache humo humo kwenye friji ibaki baridi.

Mwenzako akishaketi, washa moto. Kikaango kikipata moto sawasawa, tia mafuta, panga kamba bila kuwabananisha. Dakika moja na nusu upande wa kwanza, dakika moja wa pili. Usidanganywe na wekundu: joto huiachia rangi iliyokuwa imefungwa na protini, nayo hutokea haraka hata nyama ikiwa mbichi ndani. Tazama sehemu nene ya mgongo. Ikishakuwa nyeupe na haipitishi mwanga, epua. Aliyejikunja kwa umbo la C ameiva. Aliyejifunga kabisa kama O amepitiliza, na atakuwa mgumu kutafuna.

Waweke kwenye sahani. Punguza moto, tia kitunguu saumu kwa nusu dakika, kisipate kuungua kwa sababu uchungu wake hauondoki. Mimina ile supu, iache ichemke ipungue nusu. Hapa zima moto kabisa, ndipo utie siagi vipande vipande huku ukitikisa kikaango. Mchuzi utashikana na kung'aa. Siagi ikichemka hujitenga na kuelea juu kama mafuta matupu.

Rudisha kamba, kamulia nusu limau, nyunyiza kotimiri. Kula kwa mkate wa kuchovya, na mle nyote wawili, maana harufu ya kitunguu saumu humkera tu asiyekila. Vyombo loweka, utaosha kesho.